Wasii Anapoikalia Amana: Kumwondoa Msimamizi wa Mirathi Migori na Homa Bay

Katika miezi ya karibuni yametufikia masuala mengi kutoka kwa mama zetu waishio kando ya Ziwa, katika kaunti za Migori na Homa Bay. Baadhi yao ni mabinti wa Mombasa, Lamu na Malindi walioolewa huko. Wengine ni wenyeji wa huko huko, Waislamu tangu enzi za babu zao. Masuala hayo hutofautiana kwa maneno, lakini shina lake ni moja. Mume amefariki, ndugu yake amekabidhiwa hati ya kusimamia mirathi, mwaka wa kwanza umepita na wa pili umepita, na kila mjane anapouliza hesabu huambiwa kwamba ana tamaa ya mali na hana uchungu wa marehemu. Je, yajuzu kwake kumpeleka shemeji yake mahakamani ili aondolewe katika usimamizi?

Jibu letu ni kwamba yajuzu, na panapokuwa na watoto wadogo huenda ikawa ni wajibu juu ya mlezi wao. Tunalitanguliza jibu kabla ya dalili zake kwa sababu tumeona mama wengi wakiishia njiani. Husoma nusu, wakakutana na neno moja kuhusu kuunga udugu, wakakunja karatasi na kurudi kusubiri. Kuunga udugu ni ibada kubwa, lakini hakuna mwanachuoni aliyepata kusema kwamba udugu huungwa kwa mali ya yatima.

Aya za mirathi zenyewe zina kisa chake, na kisa hicho ni cha mama aliyekwenda kushitaki. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Jabir bin Abdillah kwamba mke wa Saad bin Rabii alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa na mabinti wawili wa Saad. Baba yao alikuwa ameuawa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Mama yule alieleza kwamba ami yao amechukua mali yote, hakuwaachia kitu, na kwamba mabinti hao hawangepata kuolewa bila ya mali. Zikateremka aya za mirathi. Mtume akatuma kwa ami yule na kumwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na kilichobaki kiwe chake.

Wasomaji wetu wataona mambo mawili katika kisa hiki. Mama yule hakukemewa kwa kulitoa jambo la nyumbani nje ya nyumba. Hakuambiwa arudi akasubiri wala akamwombe ami kwa upole. Na ami naye hakunyimwa haki yake, bali alipewa masalio kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Anayekwenda mahakamani kwa njia iliyo sawa haendi kumfedhehesha mtu. Huenda ili kila mmoja apate fungu alilopewa na Mola wake, hata yule anayeshitakiwa kama ana fungu.

Tubainishe maneno kabla hatujaendelea. Wasii ni yule aliyeteuliwa na marehemu mwenyewe, kwa wasia, alipe madeni yake, atekeleze wasia wake na awaangalie watoto wake. Msimamizi wa mirathi ni yule anayeteuliwa na mahakama pale marehemu asipoacha wasii. Kazi zao hukaribiana sana, na wote wawili ni waaminiwa: wameshika mali isiyo yao. Huku kwetu pwani, na huko Ziwani pia, watu wengi hudhani kwamba aliyepewa hati ndiye aliyerithi. Kutokana na kosa hilo huzaliwa nusu ya maovu tunayoyazungumzia hapa.

Mafakihi wa madhehebu ya Shafii wameweka masharti ya wasii, na miongoni mwayo ni uadilifu na uwezo wa kuiendesha kazi. Wameeleza kwamba akidhihirika kuwa mhaini, usimamizi wake huondoka, na kadhi huweka mwingine mahali pake. Ama akiwa ni mwaminifu lakini dhaifu, mzee aliyechoka au asiyejua hesabu, hafukuzwi. Kadhi humtia mtu mwingine mwaminifu pembeni mwake amsaidie. Tofauti hii ni ya maana sana, nasi tutairudia. Na Imamu Nawawi katika kitabu chake cha Minhaj ametaja kwamba uanaume si sharti, na kwamba mama wa watoto, akitimiza masharti, ni bora kuliko wengine kuwa wasii wa watoto wake. Tunalitaja hili kwa makusudi. Ukienda Kendu Bay au Isebania ukauliza kwa nini mjane hakupewa hati, utaambiwa kwamba dini yetu haimruhusu mwanamke kushika mirathi. Hiyo ni mila iliyovishwa kanzu. Sayyidna Umar, radhi za Allah zimshukie, aliiacha wakfu yake mikononi mwa binti yake Hafsa.

Sasa tutazame hali ya mahali penyewe, kwani msomaji wa Kibokoni au wa Lamu aweza kudhani mambo ni kama alivyoyazoea. Huku kwetu mara nyingi ukoo mzima ni Waislamu, na kesi ya mirathi huenda kwa kadhi bila ya mjadala. Ziwani si hivyo. Kendu Bay ni mji wa Waislamu wa siku nyingi, na msikiti wake wa Tawakal ni miongoni mwa misikiti ya zamani katika eneo hilo. Lakini hatua chache kutoka hapo ni Gendia, ambako Waadventista Wasabato walianzisha misheni yao mwaka 1906. Mzee Hussein Onyango Obama, babu yake rais wa zamani wa Marekani, alitoka Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, akasilimu, na ukoo wake mpaka leo una Waislamu na Wakristo wanaokaa pamoja na kuzikana pamoja. Hiyo ndiyo sura ya jamaa nyingi za huko. Marehemu ni Mwislamu, mjane ni Mwislamu, na ndugu wa marehemu aliyeshika hati huenda kanisani Jumamosi.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 170, inampa kadhi mamlaka katika mambo ya hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na wote wamekubali kuhukumiwa katika mahakama yake. Ikiwa msimamizi si Mwislamu, au ni Mwislamu anayekataa mamlaka ya kadhi, shauri litasikilizwa na mahakama nyingine. Mama asikate tamaa kwa hilo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, katika kifungu cha 2 inasema kwamba mali ya mtu aliyefariki akiwa Mwislamu itarithiwa kwa sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo hata jaji wa Mahakama Kuu ya Migori au ya Homa Bay, awe wa dini yoyote, anawajibika kutazama mafungu ya Qur'ani katika mgawanyo. Kinachobadilika ni chumba cha kusikilizia shauri. Thumuni ya mjane itabaki kuwa thumuni.

Kifungu hicho hicho kinaongeza jambo ambalo wengi wetu hatulisikii mimbarini. Sheria hiyo ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 iliwajumuisha Waislamu katika kila kitu, na Waislamu wa Kenya wakapinga kwa miaka mingi mpaka ikarekebishwa mwaka 1990. Lakini marekebisho hayakututoa katika sheria nzima. Sehemu ya 7, inayohusu namna ya kusimamia mirathi, inatumika kwa kila Mwislamu aliyefariki kabla ya tarehe 1 Januari 1991, siku hiyo au baada yake, maadamu haipingani na sheria ya Kiislamu. Na ndani ya sehemu hiyo mna vifungu viwili ambavyo kila mjane afaa kuvijua kwa nambari zake: cha 83 na cha 76.

Kifungu cha 83 kinataja kazi za msimamizi. Atoe gharama za mazishi katika mali ya marehemu. Aikusanye mali yote. Alipe madeni. Katika muda wa miezi 6 tangu apewe hati, awasilishe mahakamani orodha kamili ya mali na madeni pamoja na hesabu ya yote aliyoyatenda. Kisha agawe, na ndani ya miezi 6 baada ya hati kuthibitishwa amalize kazi na kutoa hesabu ya mwisho. Msomaji aliyesoma fiqhi ataona kwamba mpangilio huu uko karibu na ule tuliofundishwa chuoni: maziko, madeni, wasia usiozidi theluthi, kisha warithi.

Kifungu cha 76 ndicho cha kumwondoa asiyetimiza hayo. Mahakama inaweza kuifuta hati wakati wowote, imethibitishwa au haijathibitishwa, kwa maombi ya mtu yeyote mwenye maslahi katika mirathi au kwa hiari ya mahakama yenyewe. Sababu zake ni kadhaa, nasi tutakaa zaidi kwenye zile tunazoziona zikitokea huko Ziwani.

Iliyo kubwa ni udanganyifu wakati wa kuiomba hati. Katika kuanzisha shauri huhitajika barua ya chifu yenye majina ya waliofiwa, na muombaji hula kiapo akiwataja warithi wote na mali yote. Hapo ndipo majina hupotea. Mke wa pili aliyeolewa kwa ndoa ya msikitini na kuishi Mombasa hatajwi kabisa. Mabinti walioolewa hawatajwi, kwa kuwa kwa mila ya wengi binti aliyeolewa ni wa watu wengine. Mtoto aliye tumboni, ambaye sheria yetu humwekea fungu lake mpaka azaliwe, hakumbukwi na mtu. Kuficha jambo kubwa kama hili mbele ya mahakama ni sababu ya kutosha ya kuifuta hati. Hata kama muombaji alisema lisilo kweli kwa kutojua tu, bila ya nia mbaya, hati yaweza kufutwa ikiwa jambo lenyewe ni la msingi.

Kuna pia karatasi ya ridhaa, Fomu nambari 38. Mwenye haki sawa au kubwa zaidi huitia saini kuonyesha kwamba amekubali mwingine apewe hati. Mama zetu wengi wametia dole gumba katika karatasi hiyo wakiwa ndani ya eda, hawajui kilichoandikwa, wakaambiwa ni ya benki au ya bima ya mazishi. Tunawanasihi: eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, na ndani yake hakuna linalomlazimu kusaini chochote. Akiletewa karatasi, na aseme isomwe mbele ya ndugu yake au imamu wa msikiti, na abaki na nakala. Aliyekwisha kutia dole bila ya kuelewa asidhani kwamba mlango umefungwa. Aeleze hivyo katika kiapo chake. Saini ya kughushi au ya hila ni katika yale mahakama huyatazama kwa makini.

Sababu nyingine ni uzembe. Msimamizi akipewa hati, akakaa mwaka mzima bila ya kuomba ithibitishwe, au akashindwa kuiendesha kazi kwa bidii, au asilete orodha na hesabu, au akaleta za uongo, aweza kuondolewa. Lakini hapa sheria imeweka sharti ambalo limeyaangusha maombi ya wengi: lazima awe ameonywa kwanza, na asiwe na udhuru wa maana. Kwa hiyo malalamiko ya jikoni hayatoshi, wala ya kwenye simu. Aandikiwe barua yenye tarehe, impe muda, kwa mfano siku 30, imtake atoe orodha na hesabu, naye aipokee mbele ya mashahidi wawili. Nakala ya barua hiyo itakuwa na nguvu mahakamani kuliko machozi ya miaka mitatu. Na katika adabu za Kiislamu pia ndivyo ilivyo bora: nasaha kwanza, usuluhishi wa wazee na imamu, kisha mahakama.

Sababu ya mwisho ni pale hati inapokuwa haina kazi tena, hasa msimamizi mwenyewe anapofariki. Wanawe hudhani kwamba wamerithi usimamizi wa ami yao kama walivyorithi ng'ombe wa baba yao. Usimamizi haurithiwi. Ikiwa alikuwa peke yake, hati ile imekufa pamoja naye, na warithi wa mwenye mali ndio wa kwenda kuomba mpya.

Pengine mfano wa hesabu utafafanua kinachopotea. Tuchukue mtu aliyefariki Migori akaacha mjane mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, na ndugu yake wa baba na mama. Ana vyumba 10 vya kupangisha mjini, kila kimoja kwa shilingi 4,000 kwa mwezi. Ana shamba la miwa Awendo na mashua mbili za uvuvi Mbita. Mirathi hii hugawanywa mafungu 8: mjane 1, kila binti 1, kila mtoto wa kiume 2. Ndugu hana kitu, kwa kuwa wana wa kiume wamemzuia. Lakini ndiye msimamizi, na ndiye anayepokea kodi. Kodi ya vyumba peke yake ni shilingi 40,000 kwa mwezi, ambayo kwa miaka 3 ni 1,440,000. Tuseme hakuna deni, na tuziache gharama za ukarabati, ambazo ana haki ya kuzitoa akizionyesha kwa risiti. Mjane alistahili 180,000, kila binti 180,000, kila mvulana 360,000. Hapo hatujataja miwa wala samaki.

Tumepata kuulizwa: kama hati haijathibitishwa na mali haijagawanywa, kodi hiyo ni ya nani? Katika fiqhi yetu mali huhamia kwa warithi pale pale anapokata roho mwenyewe, ikiwa imefungamana na madeni yake. Kwa hiyo kodi ya mwezi unaofuata tayari ni ya warithi kwa mafungu yao. Msimamizi huipokea kama anavyopokea mtu amana, na Surat An-Nisaa, aya ya 10, imetoa onyo juu ya walao mali ya mayatima kwa dhuluma ambalo sisi hatuna haja ya kuliongezea ukali.

Sasa mama ameamua. Aanzie wapi? Kwanza afahamu ni mahakama gani iliyotoa hati, na nambari ya shauri. Ombi la kufuta hati hupelekwa katika shauri lile lile. Si kesi mpya ya kuanzishwa Mombasa kwa kuwa ndiko kwao. Karani wa masjala huonyesha jalada kwa ada ndogo, na tunapendekeza kila mrithi aombe kulisoma kabla ya kuandika neno. Humo ataona barua ya chifu, kiapo na majina yaliyotajwa na yaliyoachwa, na mara nyingi ushahidi wote anaouhitaji umo humo humo, kwa mwandiko wa msimamizi mwenyewe. Katika Mahakama Kuu na kwa hakimu, maombi hufanywa kwa Fomu nambari 107 pamoja na hati ya kiapo. Kwa kadhi huandikwa ombi lenye maelezo hayo hayo. Zamani ombi la namna hii lilikuwa la Mahakama Kuu pekee. Tangu sheria ya mahakama za mahakimu ya 2015, hakimu naye husikiliza kulingana na thamani ya mali, na kiwango cha hakimu mkuu ni shilingi milioni 20.

Kiapo na kiwe kifupi na cha kweli. Ataje yeye ni nani kwa marehemu, aambatanishe cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, aeleze kilichofichwa au kilichoachwa kutendwa, na tarehe. Matusi ayaache nyumbani. Tumesoma viapo vya kurasa 10 ambavyo 8 kati yake ni habari za uchawi na za nani alilia msibani na nani hakulia. Jaji hana la kufanya na hayo. Ndoa ya msikitini isiyosajiliwa huwa ni mtihani. Hapo watafutwe mashahidi wa ndoa, walii na aliyeifungisha, wala pasingojewe mpaka wazee hao wafe.

Katika ombi hilo hilo aombe mambo mengine yasiyoweza kusubiri hukumu: msimamizi azuiwe kuuza, kodi iwekwe katika akaunti maalumu au mahakamani, na atoe hesabu. Kwa ardhi yenye hatimiliki, aende pia katika ofisi ya usajili wa ardhi aweke zuio. Tunasisitiza haraka hii kwa sababu maalumu. Sheria inakataza msimamizi kuuza ardhi kabla hati haijathibitishwa. Lakini ikishathibitishwa akauza, kifungu cha 93 kinamlinda mnunuzi hata kama hati itafutwa baadaye. Mjane aweza kushinda kesi akakuta shamba la Awendo ni la mtu mwingine, na kilichobaki kwake ni kumdai msimamizi fedha ambazo ameshakula. Kifungu cha 94 kinamlazimu msimamizi kulipa hasara aliyoisababisha, na hilo ni jema kwenye karatasi. Anayemdai mtu asiye na kitu anajua thamani yake.

Na yule ambaye hana hati yoyote, aliyejitwalia tu kodi na miwa tangu siku ya tatu ya msiba, huyo hana usimamizi wa kufutwa. Kifungu cha 45 kinamhesabu kuwa anaingilia mali ya marehemu bila ya idhini, na ni kosa la jinai lenye faini ya hadi shilingi 10,000, au kifungo cha hadi mwaka 1, au vyote viwili. Dhidi yake mjane aombe hati yeye mwenyewe. Na akisikia kwamba mwingine ameshaiomba, atazame tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali: hutolewa siku 30 za kupinga, na kupinga ndani ya siku hizo ni kwepesi mno kuliko kuja kufuta baadaye.

Tulisema tutarudia tofauti ya mhaini na dhaifu. Si kila ombi huishia kwa kufukuzwa msimamizi, wala si vyema mama aombe hilo peke yake. Mahakama yaweza kumwamuru atoe hesabu katika siku kadhaa. Yaweza kumwongezea msimamizi mwenza, mjane mwenyewe au mtoto mkubwa, ili saini ya mmoja isitoshe kuuza kitu. Panapokuwa na watoto wadogo, sheria yenyewe inataka wasimamizi wasiwe chini ya wawili, na wasizidi wanne. Hayo ni yale yale ya mafakihi wetu: mtu mwaminifu hutiwa pembeni mwa dhaifu. Tumeona wazee wema wakichafuliwa majina kwa kesi ambayo ingekwisha kwa kuwekewa kijana wa kuandika hesabu. Kwa mhaini lakini, aliyeuza akaficha, au aliyeyafuta majina ya mabinti, hatuoni msaidizi atafaa nini.

Linabaki jambo la mabinti wanaoambiwa wasamehe. Mara kesi inapoanza, wazee huja na karatasi nyingine, ya kuacha fungu kwa ajili ya amani. Mtu mzima aweza kuacha haki yake, lakini kwa masharti: aijue ni kiasi gani, na aiache bila ya kutishwa wala kuonewa haya. Asiyejua kwamba fungu lake ni shilingi 180,000 na kipande cha shamba hajasamehe kitu. Mtoto asiyebaleghe hawezi kusamehe hata shilingi moja, wala mama yake hawezi kumsamehea.

Kwa wale ambao marehemu wao alikuwa na mali upande wa pili wa mpaka, Tarime, Musoma au Mwanza, hati ya Kenya haivuki Sirare yenyewe. Lazima itambuliwe na mahakama za Tanzania. Huko nako sheria ya mirathi, Sura ya 352, ina kifungu cha 49 kinachofanana sana na hiki cha 76.

Hati ikifutwa, mama asiondoke mahakamani kwa takbira tu. Aombe siku ile ile amri iandikwe yenye mambo haya: msimamizi wa zamani arudishe hati yake kwa masjala, akabidhi hatimiliki, vitabu vya kodi na kadi za benki kwa tarehe iliyotajwa, na alete hesabu yake kwa kiapo. Kisha ombi la hati mpya liwasilishwe bila ya kuchelewa, kwani katikati ya kufutwa ya zamani na kutolewa mpya hakuna mwenye mamlaka ya kupokea kodi, na wapangaji hulijua hilo mapema kuliko warithi. Wapangaji wapelekewe nakala ya amri, na kampuni inayonunua miwa ipelekewe nakala yake.

Asiyeridhika na uamuzi wa kadhi ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu. Masuala zaidi juu ya mafungu, hasa panapokuwa na wake wawili au wazazi wa marehemu walio hai, tutayapokea kwa anwani ya jarida. Yaandikwe pamoja na orodha ya warithi wote waliokuwa hai siku ya kifo, kwani bila ya orodha hiyo hatuwezi kugawa hata fungu moja.